Ushauri kabla ya ndoa Dar es Salaam: ni huduma ipi inaliweza swali la uhusiano wa wazi?

Wachumba wa Dar hawakosi wa kuwashauri. Kuna semina ya parokiani, kuna shekhe wa msikiti wa mtaani, kuna kungwi wa kicheni pati, kuna mnasihi mwenye ofisi ya kukodi, kuna wakili, kuna afisa ustawi wa jamii wa manispaa, na juu ya wote hao kuna mashangazi. Wote watakufundisha kuvumiliana. Sasa mpelekee mmoja wao swali hili: "Tunafikiria kila mmoja wetu awe huru kuwa na mtu mwingine, mwenzake akijua na akiridhia. Je, tuoane hivyo?" Hapo ndipo utakapoona nani ana kazi na nani ana kanzu tu. Tathmini hii inazipima huduma hizo kwa swali hilo moja. Semina inayofundisha vizuri bajeti ya nyumba inaweza isikusaidie chochote hapa, na hilo si kosa lake.

Tuelewane kwanza kwa maneno, maana wengi huanza kulipia vipindi kabla hawajaelewana. Uhusiano wa wazi si mchepuko. Mchepuko unaishi kwa siri, na siri ikitoka kimoja kinakufa: mchepuko au ndoa. Uhusiano wa wazi unasimama juu ya kujua na kuridhia kwa wote wawili tangu mwanzo. Wala si mitala. Mke wa pili ni mke: ana ndoa, ana zamu, ana haki ya kutunzwa, na watoto wake wana shangazi. Mtu wa tatu katika uhusiano wa wazi hana lolote kati ya hayo. Yale mabango ya kampeni ya VVU ya "Tuko wangapi? Tulizana" yalilifundisha jiji kuhesabu wapenzi, na yalifanya vyema, ila kutenganisha siri na makubaliano haikuwa kazi yake. Wachumba wawili wanaweza kukaa kwenye kiti kimoja wakisema "wazi", mwanamume akiwaza mke wa pili wa baadaye na mwanamke akiwaza uhuru wa pande zote. Mshauri asiyeanza kwa kuwauliza kila mmoja anamaanisha kipi anakula saa yako ya kwanza bure.

Kanisani, msikitini na kwa kungwi

Semina ya ndoa kanisani ni ya kundi, na swali hili halifai kwenye kundi. Anayelitoa mbele ya wachumba wengine huondoka na jina, si na jibu. Ombeni miadi na padri au mchungaji mkiwa wawili tu. Kwa Wakatoliki, kila mchumba huhojiwa peke yake kabla ya ndoa, na hapo kuna jambo ambalo watu hawaambiwi waziwazi. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1056, inataja umoja na kutovunjika kuwa sifa za msingi za ndoa. Kanuni ya 1101 inasema mtu akiikataa moja ya sifa hizo kwa kusudi, hata akitamka kiapo vizuri namna gani, ndoa yake si halali. Kwa maneno mengine, wanaopatana kuwa wazi kisha wakaenda altareni wakaahidi uaminifu wamejiwekea sababu ya ndoa kubatilishwa siku mmoja akigeuka. Padri akikuambia "hilo hapana", anakueleza mpaka wa nyumba yake kabla hujaingia, na hiyo ni huduma. Matangazo husomwa kwa kawaida Jumapili tatu, kwa hiyo nendeni kabla jina halijasomwa. Baada ya hapo mazungumzo huwa ni ya kulinda aibu.

Shekhe atakujibu kwa dakika moja: nje ya ndoa ni zinaa, hakuna makubaliano yanayoihalalisha. Lakini usinyanyuke upesi, maana dakika zinazofuata ndizo zenye faida. Shekhe mzuri humgeukia mwanamume na kumuuliza kama anachotaka ni mke wa pili, na kama ndicho, aseme sasa, mbele ya bibi harusi na walii wake. Maneno mengi ya "uwazi" huishia hapo. Bibi harusi naye aulize kuhusu masharti ya akdi. Kwa Washafii, ambao ndio wengi pwani yetu, sharti la mume kutooa mwingine halimfungi ingawa ndoa inasimama. Kwa Wahanbali sharti hilo lina nguvu, na mume akilivunja mke ana haki ya kuivunja ndoa. Kwa hiyo usiulize tu "inafaa?", uliza "kwa madhehebu gani, na mtaliandika wapi?"

Kungwi tunampenda, ila kwa hili anafika nusu ya njia. Anazungumza na mwanamke peke yake, na elimu yake kuhusu mume anayetangatanga ni ya kumrudisha au kumstahimili. Ya kukaa naye mezani mkapatana haimo. Hata hivyo ndiye pekee katika orodha hii anayemuuliza bibi harusi maswali ya kitandani bila kupepesa macho: unapenda nini, huwezi nini, ulishawahi kumwambia? Mara nyingi mazungumzo ya uhusiano wa wazi yana swali hilo chini yake, halijawahi kuulizwa. Mfuate nyumbani kwake siku ya kawaida. Kwenye kicheni pati, mbele ya akina mama thelathini na ngoma, siri haina pa kukaa.

Mnasihi wa kulipia

Hapa ndipo pesa itakapofanya kazi, ukimpata wa kweli. Neno "mshauri wa mahusiano" mjini halina mlinzi. Anayejiita hivyo anaweza kuwa amesoma saikolojia au ustawi wa jamii, na anaweza kuwa na wafuasi wengi Instagram basi. Mwulize amesomea nini, chuo gani, na anapokwama kazini anamuuliza nani. Anayekereka kwa maswali hayo ameshajibu.

Kwa swali la uhusiano wa wazi, mpangilio unaofanya kazi ni vipindi 5 au 6 ndani ya wiki 6 hadi 8. Vya mtu mmoja vinatosha saa moja, na vya wawili vinahitaji saa moja na nusu, maana dakika 20 za mwanzo huwa ni za adabu. Cha kwanza mnakaa pamoja. Cha pili na cha tatu kila mmoja anaingia peke yake. Kuanzia cha nne mnarudi pamoja. Anayewaweka pamoja mwanzo mpaka mwisho atalikosa jambo lenyewe, kwa sababu anayekubali kwa hofu ya kuachwa hawezi kulisema akiwa amekaa ubavuni mwa anayeogopa kumpoteza. Sikilizeni sentensi hii: "Mimi sina neno, kama yeye anataka." Inasikika kama ridhaa. Mnasihi anayejua kazi huiandika, kisha huirudisha kwenye kipindi cha peke yake: "Na kama yeye asingelitaja, wewe ungelileta?" Jibu likiwa hapana, bado hakuna makubaliano ya watu wawili. Kuna ombi la mmoja na woga wa mwingine.

Kabla ya vipindi vya peke yake kuanza, lazima muelezwe habari ya siri. Mnasihi akisikia kwako jambo ambalo mwenzako halijui, atalifanyaje? Wapo wanaotunza kila kitu isipokuwa hatari ya maisha. Wapo wanaosema mapema kwamba hawatunzi siri inayogusa uamuzi wa kuoana. Watakupa muda uiseme mwenyewe, usiposema wanaacha kazi. Njia zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni ya anayekwepa kusema, kwa sababu siri inayotokea zaidi inajulikana: mtu wa tatu tayari yupo. "Tufungue uhusiano" ni namna ya kumtafutia kibali aliyekwishaingia kwa mlango wa nyuma. Hilo ni ungamo, na linahitaji kazi ya aina nyingine, ndefu zaidi, na huenda tarehe ya harusi ikasogea. Mnasihi aliyelisikia akanyamaza bila utaratibu uliosemwa mapema atawaongoza vipindi vitatu vya kuigiza.

Kifaa bora ofisini mwake ni karatasi mbili na kalamu mbili. Kila mmoja anaandika majibu yake kwa nusu saa, simu zikiwa zimezimwa, kisha zinasomwa moja moja kwa sauti. Maswali yasiwe ya "unajisikiaje". Yawe ya mambo yanayoweza kuhesabika. Nani haruhusiwi kabisa: wafanyakazi wenzenu, ndugu, marafiki wa mwenzako, mtu wa mtaa mnaoishi, wa zamani? Dar ni kubwa kwenye ramani tu. Unaishi Sinza, unafanya kazi Posta, unasali Ubungo, na bado kwenye kila harusi unakutana na watu walewale. Kulala nje kunaruhusiwa? Kitanda cha nyumbani je? Kiasi gani cha fedha kwa mwezi kinaweza kutoka kwa ajili ya huyo mtu? Swali hili wanasihi wengi hulisahau, na ndilo linalovunja makubaliano kabla hata ya mapenzi: ugomvi huanza na ujumbe wa muamala wa simu, nauli, vocha, kodi ya chumba. Mimba ikiingia, nani analea? Nani mwingine anajua? Simu zinafunguliwa au hazifunguliwi? Na la mwisho: mmoja akisema basi, linasimama siku hiyohiyo bila kudai maelezo, au kuna mjadala?

Makubaliano ya kukataza hisia hayadumu. "Usimpende" si sharti, ni dua. Masharti ya matendo, kama siku, fedha, kinga, vipimo na kulala nje, unaweza kuyakagua. Pia wekeni mwisho. Miezi 3 ya majaribio, tarehe ikiwa imeandikwa, na siku hiyo ikifika uhusiano unajifunga wenyewe mpaka wote wawili waseme tena ndiyo. Makubaliano ya "tutaona huko mbele" huendelea kwa uchovu, na aliyechoka zaidi ndiye huonekana mkosaji siku anapolalamika.

Kuna sababu za kufungua ambazo mnasihi anapaswa kuzisimamisha palepale. Mmoja amehamia Dodoma na ofisi yake, mambo ambayo yamekuwa mengi tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, na upweke unawasumbua: hapo kuna hesabu ya treni, likizo na ratiba ya kupiga simu ya kufanywa kwanza. Tendo la ndoa lina maumivu au halina hamu: hapo kuna daktari. Mmoja ametoka kufumaniwa na mwingine anataka "kusawazisha": hapo kuna kisasi kimevaa suti. Kufungua mlango hakutibu hata moja ya hizo. Kunazihamishia kwa mtu wa tatu ambaye hajui zilikuwepo.

Wanasihi wanakosea kwa namna mbili. Mmoja anahubiri, na kipindi kinageuka ibada unayoilipia kwa saa. Mwingine, mara nyingi kijana, amesoma sana mitandao ya nje na anauona wivu kama ugonjwa wa kutibiwa. Anasahau kwamba hapa posa ilipelekwa na mshenga, na koo mbili zimekula pamoja. Mwulize: "Wazazi wakijua, tunawaambia nini?" Akicheka, tafuta mwingine. Tena usinunue kifurushi cha vipindi 10 kwa malipo ya awali. Lipa kimoja kimoja mpaka cha tatu. Kufikia hapo utakuwa umejua kama anawasikiliza wote wawili au anayelipa.

Akiwepo anayepigwa, anayetishwa au anayelazimishwa kukubali, usilipe mnasihi wa wachumba. Kikao cha pamoja kinaweza kumletea kipigo akirudi nyumbani. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto lililo kwenye vituo vya polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, iwe ya Jiji (Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni.

Wakili: saa moja inayopuuzwa

Huduma inayorudisha thamani kubwa kwa muda mfupi katika orodha hii ni wakili wa mambo ya familia, na ndiyo wachumba wasiyoifikiria. Saa moja inatosha, mkiwa na maswali yaliyoandikwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa za aina mbili tu Tanzania Bara: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Ya wazi haimo. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine zote, pamoja na ile ya bomani, huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Wote wawili mnaweza kuibadilisha aina baadaye kwa tamko la hiari mbele ya jaji au hakimu, isipokuwa Wakristo waliofunga kanisani hawawezi kuigeuza kuwa ya wake wengi maadamu wote bado ni Wakristo. Na mlango huo ni wa mume tu. Mwanamke aliyeolewa akifunga ndoa na mwanamume mwingine anatenda kosa la jinai. Kwa hiyo mwanamume anayesema "wazi" ana njia ya kisheria ya kumgeuza mtu wa tatu kuwa mke, na mwanamke hana yake. Usawa mlioandika kwenye karatasi ya mnasihi haupo kwenye kitabu cha sheria. Wakili asiyewaambia hilo ndani ya dakika 10 za kwanza hajawasoma.

Kisha kuna uzinzi wa mwenye ndoa, ambao sheria inauita ugoni. Mume au mke anaweza kumdai fidia mahakamani mtu aliyefanya ugoni na mwenzi wake. Lakini kifungu cha 72 kinasema dai hilo litatupwa kama mdai aliridhia au alishiriki kuuwezesha. Ndiyo maana karatasi yenu ni kisu chenye makali mawili. Kama mkataba, msitegemee mahakama iwalazimishe kuutekeleza, kwa kuwa Sheria ya Mikataba, kifungu cha 23, hubatilisha makubaliano ambayo mahakama inayaona ni kinyume cha maadili au masilahi ya umma. Lakini kama ushahidi kwamba uliridhia, inaweza kutumika dhidi yako. Andikeni kwa ajili ya kukumbuka mlichopatana. Msiipeleke kwa mthibitishaji viapo mkidhani muhuri unaipa nguvu.

Kwenye talaka, ugoni ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama huyaangalia kama dalili kwamba ndoa imevunjika, hasa ukiendelea licha ya mwenzi kulalamika. Hapo ndipo lile neno "basi" la kwenye karatasi linapopata uzito: siku ulipolisema, na ikathibitika kwamba mwenzako aliendelea, hadithi imebadilika. Tena huwezi kuomba talaka ndani ya miaka 2 ya kwanza bila ruhusa ya mahakama, na kwa kawaida lazima mpite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa walio Dar, Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke ndicho kilichokusanya huduma za mahakama za aina hii mahali pamoja. Anayeoa kwa wazo kwamba "isipofanya kazi tutaachana mapema" aifanye hesabu hiyo kabla ya kukata keki.

Wanaotaka kujaribu uwazi wakiwa wanaishi pamoja bila kufunga ndoa nao wamo. Mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinachukulia kwamba mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Na mtoto akizaliwa ndani ya ndoa halali, sheria ya ushahidi inamhesabu wa mume, hata akizaliwa ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama hajaolewa tena, isipokuwa ithibitike wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana. Kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hakinunuliwi dirishani kama kipimo cha malaria. Kina utaratibu wake wa kuombwa kupitia mamlaka na watu waliotajwa na sheria. Swali la "mimba ikiingia" lijibiwe mkiwa mmekaa na wakili, maana mkiwa wawili mtalijibu kwa matumaini.

La mwisho kwa wakili: mkiamua kutooana. Ahadi ya ndoa iliyovunjwa inaweza kudaiwa fidia, na zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa inaweza kudaiwa irudi. Mchumba anayeleta wazo la uwazi baada ya mahari kutoka ajue anaingia kwenye uwanja huo. Wasio na uwezo wa kulipa wapo wa kuwasaidia hapahapa mjini: TAWLA, WLAC na LHRC hutoa msaada wa kisheria bure kwa wanaostahili. Nenda mapema asubuhi, na nyaraka zako zikiwa zimepangwa.

Kliniki

Huduma ya afya ndiyo iliyonyooka kuliko zote. Kupima VVU kwenye vituo vya serikali ni bure, na mnaweza kuomba kupima na kupokea majibu kwa pamoja. Kasoro haiko kwenye huduma, iko kwa wateja wanaopima mara moja wakaona wamemaliza. Kipimo cha kingamwili hakioni maambukizi ya wiki iliyopita, ndiyo maana hurudiwa baada ya miezi 3. Kwa hiyo ratiba yenu iwe hivi: kipimo cha kwanza kabla ya lolote, kinga kila mara na mtu wa nje, kipimo cha pili siku ya 90, na ndipo karatasi ya majaribio inajadiliwa. Ndiyo sababu tunasema majaribio yawe ya miezi 3, kalenda mbili ziende sambamba. Ombeni na kipimo cha kaswende, na homa ya ini B. Asiye nayo achanjwe: dozi 3, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Anayesubiri chanjo ikamilike ndipo aanze atakuwa amepata nusu mwaka wa kufikiri, si hasara.

Kondomu hupunguza sana hatari ya VVU, lakini malengelenge, vipele vya HPV na kaswende vinaweza kupita kwenye ngozi isiyofunikwa. Ikipasuka, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Usisubiri Jumatatu. Waulizeni pia kuhusu vidonge vya kinga vya kumeza kila siku kabla ya hatari, na kituo kipi kilicho karibu kinavitoa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamtaka aliyekutwa na VVU amjulishe mwenzi wake mara moja, na katika uhusiano wa wazi "mwenzi" ni zaidi ya mmoja. Makubaliano yasiyosema nani anamwambia nani, na ndani ya saa ngapi, yana tundu.

Tahadhari moja ya simu: picha za faragha kwa mtu wa tatu ziwe mwiko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono kwa njia ya kompyuta, lakini sheria hufika baada ya kundi la WhatsApp la ukoo.

Wakati wa kwenda, na cha kuuliza kwa simu

Mpangilio wetu, kwa anayeuliza: kliniki na wakili wiki ileile, kisha mnasihi, kisha kiongozi wa dini mkiwa na jibu lenu la kumpelekea. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na kiongozi wa dini, wanakaripiwa, wanaacha kuzungumza, na swali linaingia nao kwenye ndoa likiwa limefungwa mdomo.

Yote haya yafanyike kabla ya posa. Ikishindikana, basi kabla ya kikao cha kwanza cha kamati ya harusi. Kamati ikishakaa, kadi zikishachapwa na michango ikishaanza kuingia, mnasihi hapati tena majibu ya kweli. Anayetaka kusema hapana anaanza kuhesabu ukumbi uliolipiwa na shangazi aliyeshona sare. Ndoa ya bomani nayo ina taarifa ya siku 21 kabla, ambayo wengi huiona kama usumbufu wa karani. Kwa wachumba wenye swali hili, siku hizo 21 hazitoshi kumaliza vipindi vya mnasihi.

Ukipiga simu kwa mnasihi, uliza bei ya kipindi kimoja na kinachukua dakika ngapi. Uliza kama atawaona mmoja mmoja, na anafanyaje na siri. Uliza pia nani mwingine anaona maandishi yake, na yanakaa wapi, kwenye daftari, kwenye kompyuta au kwenye simu anayochezea mtoto. Kisha mwambie swali lenyewe kwa sentensi moja, bila kuzunguka, na usikilize ukimya unaofuata. Akiuliza "nani kati yenu amelileta?", weka miadi.